Kuuliza Si Ujinga: Neno "get" na mizigo yake

Maswali ya Kiingereza tunayopokea ni ya kila namna, lakini kuna neno moja la herufi tatu lililotujazia sanduku. Ni "get". Maswali yanayofanana tumeyaunganisha, yaliyobaki tumeyaacha kama yalivyokuja.

SWALI: Ndugu wahariri, nimefungua kamusi kutafuta "get" nikakuta maana zimejipanga safu kwa safu: kupata, kufika, kuelewa, kuwa, kuleta, kushika. Je, nizikariri zote? Na nikilikuta kwenye sentensi nitajuaje limebeba maana ipi?

JIBU: Usikariri. Mgeni anayejifunza Kiswahili ukimpa orodha ya maana za "piga" atakata tamaa siku hiyohiyo: kupiga pasi, kupiga simu, kupiga kura, kupiga magoti, kupiga miayo, na humo hapigwi mtu hata mmoja. Sisi wenyewe hatukukaririshwa. Tunasikiliza kinachofuata baada ya "piga" na maana inakuja. "Get" nalo ni hivyo. Wala si bingwa wa maana: toleo la pili la Oxford English Dictionary, la mwaka 1989, liliorodhesha maana takriban 430 za kitenzi "set" peke yake.

Basi kabla hujatafsiri, tazama neno linalofuata baada ya "get". Likiwa nomino, kama "get a job", "get a letter", "get a cold", neno letu "pata" hutosha mara nyingi, hata kwa magonjwa. Ila si kila nomino inakubali. "Get me a chair" ni niletee kiti. "Get the phone", simu inapolia, ni ipokee. "Get the door" ni nenda kafungue mlango, na anayetafsiri "pata mlango" ataleta kicheko. "Get the joke" ni kuuelewa mzaha, na ndiko ilikotoka "I get it", yaani nimeelewa.

Likiwa kivumishi, hali inabadilika: "get cold" ni kupoa, "get angry" ni kukasirika. Kumbuka hapo juu tumesema "get a cold" ni kupata mafua. Ni herufi moja tu, "a", inayotenganisha mafua na baridi.

Likiwa mahali, ni kufika: "get to the station". Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to" kabla yake. Sema "I got home at six", usiseme "I got to home".

Ikifuata "to" pamoja na kitenzi, ni kupata nafasi: "I got to see the match" ni nilipata kuiona mechi. Hapa Kiswahili na Kiingereza vimelingana neno kwa neno, jambo lisilotokea mara nyingi, kwa hiyo litumie bila woga. Na ikifuata nomino kisha kitenzi, ujue kuna mtu wa pili katika habari hiyo. Tutamfikia kwenye swali la kinyozi.

Kinachozishikanisha maana hizi ni kuvuka. Hukuwa na barua, sasa unayo. Hukuwa kituoni, sasa upo. Hukuwa na hasira, sasa unayo. Pale ambapo hakuna kuvuka, Kiingereza hutumia "have" au "be".

SWALI: "Nimechoka" niseme "I am tired" au "I got tired"? Mwalimu wangu alikubali ya kwanza, ila mimi naona "-me-" ni wakati uliopita.

JIBU: Mwalimu yuko sawa, na swali lako ndilo tunaloliona kuwa muhimu kuliko yote ya safari hii, kwa sababu linagusa mahali ambapo lugha hizi mbili zimejengwa tofauti kabisa.

Vitenzi vyetu vingi vya hali vinataja kule kuingia katika hali. Kuchoka, kukasirika, kulewa, kuzeeka, kunenepa, kukonda, kulowa, kupotea: kila kimoja ni safari ya kutoka huku kwenda kule. Kiingereza kwa sehemu kubwa hakina vitenzi vya aina hiyo. Kina vivumishi, "tired", "angry", "drunk", "old", "fat", "thin", "wet", "lost", kisha kinaviongezea "get" ili viingie mwendo. Kwa hiyo "get" moja inafanya kazi ambayo sisi tumeigawia mamia ya vitenzi.

Sasa njoo kwenye njeo, yaani wakati wa kitenzi. "Nimechoka" maana yake safari ya uchovu imekwisha na hivi sasa niko ndani yake. Kiingereza kinatazama matokeo tu: "I am tired". "Nilichoka" inataja tukio, na tukio ni "I got tired". "Nachoka" ikiwa uchovu unaingia sasa ni "I'm getting tired". "Huchoka upesi" ni "He gets tired quickly". Ukipenda kanuni ya kubeba mfukoni: "-me-" ya hali huenda kwa "be", na "-li-", "-na-" na "hu-" huenda kwa "get".

Jaribu na hasira. "Aliposikia habari, alikasirika" ni "When he heard the news, he got angry". Ukiandika "he was angry", msomaji anaweza kuelewa kuwa alikuwa amekasirika tangu kabla ya habari kufika. Sarufi haijavunjika, ila kisa kimegeuka.

Ndoa nayo iko hapohapo. "Nimeoa" na "nimeolewa" zote ni "I am married", na mwenzi huunganishwa kwa "to", si "with". "Nilioa mwaka 2015" ni "I got married in 2015". Kiingereza hakitofautishi hapa anayeoa na anayeolewa.

Kuna mitego miwili. Kwanza, "get" ya kubadilika hupokea kivumishi, haipokei nomino ya cheo au kazi. "She became a doctor" ni akawa daktari baada ya kusomea. "She got a doctor" ni alimleta daktari. Pili, si kila badiliko linakubali "get". Kupofuka, kuwa kiziwi na kupata upara ni "go blind", "go deaf", "go bald". Rangi hupenda "turn" au "go", kama majani yanapokuwa ya njano, "turn yellow". Na kunyamaza ghafla ni "fall silent". Ukiona badiliko ni la kupoteza kitu mwilini na halina kurudi, jaribu "go" kwanza.

SWALI: Rafiki alinicheka niliposema "I was stolen my phone". Kosa liko wapi? Mimi nimeibiwa simu!

JIBU: Umeibiwa kweli, na Kiswahili kinakuruhusu kusimama mbele ya sentensi kama mwenye msiba. Kiingereza hakiruhusu kwa kitenzi hiki. "Steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa, kwa hiyo kinachoibwa ni simu. "I was stolen" ni sawa na kusema wewe mwenyewe ulibebwa ukawekwa kwenye gunia. Sema "My phone was stolen", au kwa mazungumzo ya kawaida "My phone got stolen". Ukitaka kubaki mbele kama mwathirika, "I had my phone stolen". Watu husema pia "I got my phone stolen", ila wengine husikia ndani yake kama kwamba ulizembea kidogo. "Rob" ndicho kitenzi kinachomchukua mtu, "I was robbed", lakini hicho mara nyingi huashiria nguvu au vitisho, si mkono uliopenya mfukoni ukiwa umesinzia.

Ugonjwa huu una ndugu zake, wote wametoka katika ile kauli yetu ya kutendewa. "Tulinyeshewa" si "we were rained". Ni "we got rained on", na hiyo "on" ya mwisho haiachwi, au "we got caught in the rain". "Amefiwa na baba yake" hakuna "get" wala kauli ya kutendwa itakayokusaidia. Ni "he has lost his father".

Kwa kuwa tumegusa "got stolen", tuseme linavyotumika. "Get" hushika nafasi ya "be" katika kauli ya kutendwa pale jambo linapompata mtu au kitu kwa ghafla, kwa bahati mbaya au kwa bahati nzuri: "get hurt", "get fired", "get caught", "get paid", "get promoted". Halifai kwa jambo lisilo tukio. "The answer is known" ni sahihi, "the answer gets known" inakwaruza sikio. Na halifai kwa maelezo ya kihistoria au ya kiofisi: daraja "was built", si "got built". Zaidi ya hayo, "get" hapa halina tabia za kitenzi kisaidizi; kukanusha na kuuliza huomba msaada wa "do". "She didn't get paid." "Did you get paid?"

SWALI: Nikitoka kwa kinyozi niseme "I cut my hair"? Na fundi akinitengenezea kompyuta?

JIBU: Kiswahili ni chepesi hapa: "nimenyoa" inakubalika hata kama wembe aliushika mwingine. Ukisema "I cut my hair", msikilizaji anaweza kudhani ulisimama mbele ya kioo na mkasi wako. Kazi iliyofanywa na mwingine kwa ajili yako husemwa hivi: "get", kisha kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi, lile la "go, went, gone". "I got my hair cut." "I got my computer repaired." Mpangilio ukigeuka, maana inageuka: "I got repaired my computer" si Kiingereza, na "I have repaired my computer" inakupa sifa za fundi.

Fundi mwenyewe akitajwa, umbo linabadilika na "to" inaingia: "I got him to repair it". Linganisha na majirani wake wawili ambao hawataki "to": "I had him repair it" na "I made him repair it". Vitatu hivi si pacha. "Had" ni nilimpa kazi, basi. "Got" inadokeza kulikuwa na kubembeleza au kushawishi kidogo. "Made" ni nilimlazimisha. Kosa linalojirudia ni kuazima umbo la "made" na kulipachika kwenye "got": "I got him repair it". Rudisha "to".

SWALI: Lipi sahihi, "got" au "gotten"?

JIBU: Yote mawili, kutegemea unaandika Kiingereza cha wapi. Uingereza umbo la tatu ni "got". Marekani lipo "gotten", na wanatofautisha vizuri: "I've got a ticket" ni ninayo tiketi, "I've gotten a ticket" ni nimeipata. Mwingereza atatumia "got" kwa zote mbili, na muktadha umwamulie.

Wapo wanaodai "gotten" ni uharibifu wa Wamarekani. Si kweli. Lilitumika Uingereza kwa karne nyingi. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Mwanzo 4:1, Hawa anasema "I have gotten a man from the LORD". Waliovuka bahari walilihifadhi, waliobaki nyumbani wakaliacha, isipokuwa katika maneno kama "forgotten" na "ill-gotten", hili la pili likiwa ni mali iliyopatikana kwa njia chafu. Kwa asili kabisa, "get" lenyewe ni la wageni: lilitoka katika lugha ya Waskandinavia wa kale, "geta", waliofanya makazi kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Wenyeji walikuwa na ndugu yake, ambaye leo amebaki amejificha ndani ya "forget" na "beget".

Chagua upande mmoja na ubaki huko katika andiko zima. Mtihani wa Kiingereza cha Uingereza ukikutana na "gotten", kalamu nyekundu haitakuwa mbali.

SWALI: "I have a pen" na "I have got a pen" zinatofautianaje?

JIBU: Kwa maana, hazitofautiani. Ya pili ni ya mazungumzo zaidi na imezoeleka mno Uingereza. Angalia tu usizichanganye unapokanusha: "I don't have a pen" au "I haven't got a pen", kamwe si "I don't have got". Kwa wakati uliopita tumia "had" peke yake. "Have got to" ni lazima, sawa na "have to", na ikisemwa haraka inasikika "gotta". Usiiandike hivyo nje ya ujumbe wa simu.

SWALI: Naomba kutofautishiwa "used to", "be used to" na "get used to". Kila nikijaribu nakosea.

JIBU: Kwa mfano mmoja wa kuamka mapema. "I used to wake up early": zamani nilikuwa naamka mapema, siku hizi siamki. "I am used to waking up early": nimezoea. "I am getting used to waking up early": naanza kuzoea. Ya kwanza hufuatwa na kitenzi kitupu. Mbili za mwisho hufuatwa na nomino au umbo la "-ing", kwa sababu "to" yake ni kihusishi, ileile ya "to the station". Ukitaka kupima, weka nomino baada ya "to": "I'm used to the noise" inakubali, "I used to the noise" inakataa.

SWALI: Kwa nini basi ni "get on" lakini teksi ni "get in"? Sisi tunapanda vyote.

JIBU: Jiulize kama abiria anaweza kusimama na kutembea ndani ya chombo, au anakikalia juu kama farasi. Basi, treni, ndege, meli, baiskeli, pikipiki na farasi ni "get on" na "get off". Gari dogo, teksi na mtumbwi ni "get in" na "get out of". Anayesema "I got off the car" ametuambia alikuwa juu ya paa.

SWALI: Nisaidieni na vile vitenzi vyenye neno dogo: "get over", "get by", "get through" na wenzake. Vinanichanganya hasa kwenye "it" na "him".

JIBU: Vipo vingi; tutaje vinavyokutana na mtu kila siku. "Get up" ni kuamka au kusimama. "Get along with" ni kuelewana na mtu. "Get by" ni kujikimu, kusukuma siku. "Get through" ni kumaliza jambo gumu, na kwenye simu ni kumpata unayempigia. "Get over" ni kupona, kuanzia mafua hadi mapenzi. "Get rid of" ni kuondosha. "Get away with" ni kutenda kosa na kuponyoka bila adhabu. Kwa hili Kiswahili hakina neno moja, nasi tunalionea wivu. "I'll get back to you" si ahadi ya kurudi kukutembelea. Ni nitakujibu baadaye, na ofisini mara nyingine ni namna ya upole ya kusema usisubiri.

Kuhusu "it" na "him": kama neno dogo ni kihusishi, kiwakilishi hukaa baada yake. "I can't get over him", siwezi kumsahau, na huwezi kupindua ukasema "get him over". Kama neno dogo ni kielezi, kiwakilishi huingia katikati: "I got it back", nilirudishiwa; "got back it" haipo. "Over", "through" na "along with" ziko kundi la kwanza kwa maana tulizotaja. "Back" yenye maana ya kurudishiwa, na "across" yenye maana ya kueleweka, ziko la pili: "get it across".

SWALI: Mwalimu wetu amepiga marufuku "get" kwenye insha. Ana haki?

JIBU: Nusu. "Get" ni neno la mazungumzo, na likirundikana barua inakuwa nyepesi. Tazama hii: "I got your letter and got the papers you wanted, but I didn't get to the office because I got sick." Kwa afisa, iandike: "I received your letter and obtained the documents you requested, but I was unable to reach the office because I fell ill." Kilichotumwa kwako ni "receive", ulichokihangaikia ni "obtain", kujipatia mali au ujuzi ni "acquire", kubadilika ni "become". Ukichanganya, sentensi inachekesha: huwezi "obtain" barua iliyoletwa mlangoni pako.

Lakini marufuku ya jumla inawasukuma wanafunzi kuandika "become married" na "become dressed", vitu ambavyo mwenye lugha hasemi. "Get married", "get dressed" na "get lost" ziache zilivyo katika insha ya kawaida.

SWALI: "Get lost" si kupotea njia? Mbona mtu alikasirika nilipomwambia?

JIBU: "We got lost" ni tulipotea njia, haina ubaya. Kama amri, "Get lost!" ni potelea mbali, nenda zako. "Get out!" pia ni kali, sawa na "Toka!". Ila mgonjwa unaweza kumwamrisha kwa "get" bila kumuudhi: "Get well soon", ugua pole.

SWALI: Kwenye filamu za Kimarekani nasikia "gerap". Ni neno gani?

JIBU: Ni "get up". Mmarekani akiitamka "t" iliyo kati ya irabu mbili huigusa ulimi mara moja tu, na mguso huo kwa sikio letu ni "r" kabisa. Kwa kipimo hicho "get out" itakuwa "geraut", "get it" itakuwa "gerit", na "got a minute?" inasikika kama "gara minit". Zisikilize hivyo, ila kwenye karatasi rudisha "t" yako. Na usisahau kuirudufisha katika "getting".